Sikio Pevu na Wanaomcheka

2 Machi

Mume wangu mpenzi,

Mume wangu! Neno hilo nimeliandika mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuanza barua hii, eti najaribu kalamu. Kalamu ni nzima. Mwenye kalamu ndiye hajambo nusu.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu lori la nguzo likuchukue. Siku kumi na mbili za ndoa, halafu lori! Nani aliyepanga hivyo? Huyo mkubwa wenu wa kazi hajawahi kuoa, au ameoa na amesahau.

Chumba chetu kipo vilevile. Koti lako liko kwenye msumari nyuma ya mlango, na nikiingia nalisalimia. Usicheke. Jirani wa dirisha la pili alinisikia jana akauliza, "Kumbe mwenyewe karudi?" Nikamwambia, "Bado, ni sehemu yake tu." Mguu wa kitanda ulioutengeneza haujalegea. Pazia nimeshona jipya, la rangi ya maziwa, lina pindo pana kama la ofisini. Kazini, mama mwenye kiwanda, Mama Pindo, ananisifu kwamba tangu niolewe mshono wangu umenyooka. Halafu akaongeza, "Ila kichwa ndicho kimepinda." Nilikuwa nimeshona mfuko wa suruali ukafungwa pande zote nne.

Ulisema huko mnapotandaza nyaya hakuna mtandao, ila Jumapili mnapanda kilimani mnapata saa moja. Simu yako ya Jumapili ilikuwa tamu, lakini nyuma yako nilisikia wanaume kumi na mmoja wakikohoa wakingoja zamu. Mtu hawezi kumwambia mumewe neno la maana mbele ya vikohozi kumi na moja. Kwa hiyo tufanye kama tulivyoahidiana: simu ya kusalimiana, barua ya kupendana. Dereva wa lori ameapa hatazifungua.

Niambie kila kitu. Unalala wapi, unakula nini, ukiwa juu ya nguzo unawaza nini, na nini kimekuchekesha. Hicho hasa. Kicheko chako ndicho kilichoniingiza kwenye ndoa hii, unajua.

Mkeo (neno jingine tamu hilo!)

11 Machi

Kipenzi changu,

Barua yako imenikuta nimekaa juu ya gogo nikishona glavu. Nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Wenzangu wananiita Bwana Harusi mpaka sasa. Hata msimamizi akitaka koleo anapiga kelele, "Bwana Harusi, shuka!"

Tunalala hemani, watu wanne kwa hema. Juu ya nguzo siwazi kitu ila mkanda, kwa sababu anayewaza mke juu ya nguzo hurudi kwa mkewe akiwa amebebwa. Nikishuka tu, nakuwaza.

Umeuliza kinachonichekesha. Basi nikupe siri ya kambi. Mimi na wenzangu watatu tumo kwenye kundi la wapenzi wa muziki mtandaoni. Jumapili kilimani ujumbe wa wiki nzima unaingia kwa mkupuo, tunausoma mpaka Jumapili nyingine. Kundi zima lina kazi moja: kumcheka mchambuzi wa muziki anayeandika kwenye ukurasa fulani, anajiita Sikio Pevu. Kipenzi, ungemsoma! Juzi aliandika: "Tarumbeta hili limenipiga kofi la mapenzi, shavu bado lina joto." Sasa humo kundini kuna dada mmoja anajiita Wembe. Akajibu: "Tarumbeta likikupiga, nenda polisi." Tulicheka mpaka mpishi akaja kuuliza nani kaumia.

Wiki hii ndiyo kasheshe. Umetoka wimbo wa gitaa moja na mtu mmoja, basi. Sikio Pevu kaandika: "Ngoma zinakimbia, zinasimama, zinakimbia tena, kama moyo wa bibi harusi mlangoni." Ngoma! Wimbo hauna ngoma hata moja! Tumeusikiliza mara sita, vichwa vinne kwenye simu moja. Hakuna. Wembe kauliza, "Au jirani yake alikuwa anatwanga?" Mimi, ambaye humo najiita Fundi, nikaandika kwamba mtu huyu hajawahi kusikiliza kitu chochote kwa makini maishani mwake. Wembe akanijibu, "Fundi, umemaliza kila kitu, mimi nirudishe kalamu." Yule dada ana akili, nakuambia. Ulimi wake unapita kabla hujaona damu.

Nimekunakilia mengine nyuma ya karatasi ili na wewe ucheke. Nikicheka peke yangu naona kama nimekuibia.

Mumeo

15 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Kaa chini kabla hujasoma. Kama una chai mkononi, iweke mezani.

Wewe peke yako, baada ya yule mhariri wa ukurasa, ndiye unayejua kwamba Sikio Pevu ni mimi. Mume wangu sikumwambia. Nilikuwa namwekea kama zawadi: nikifikisha uchambuzi wa hamsini nimwambie, "Huyo anayesomwa na watu ni mkeo." Nilishauona hata uso wake utakavyokuwa.

Sasa soma barua yake niliyoiambatisha. Dada, mume wangu ananicheka! Ananicheka na kundi zima, ananicheka kilimani, ananicheka hemani, halafu vichekesho vyenyewe ananinakilia kwa mwandiko wake mzuri ule, eti ili na mimi nicheke!

Zile ngoma, nakuapia, nilizisikia. Mhariri alinitumia wimbo Ijumaa mchana, akataka uchambuzi kabla ya saa kumi. Mama Pindo haruhusu visikizi masikioni, anasema mshonaji lazima aisikie mashine yake. Kwa hiyo naweka kimoja tu, sikio la upande wa ukuta, chini ya kilemba. Sikio la pili liko kazini. Upande huo Mama Pindo mwenyewe alikuwa anapinda mapazia ya hoteli: mashine inakimbia, ikifika kwenye kona inasimama, inakimbia tena. Dada, nilisisimka! Nikasema wapigaji wa ngoma hizi wana moyo. Kumbe ni mapazia.

Hilo la kuchekwa ningelimeza. Nimechekwa tangu darasa la kwanza. Kinachonichoma ni huyo Wembe. "Yule dada ana akili." Mara ngapi ameniambia mimi nina akili? Ameniambia nina macho, nina shingo, nina mwendo. Akili kampa mwanamke mwingine, na akili yenyewe ni ya kunicheka mimi! Kila Jumapili nikipewa dakika tano za vikohozi, yeye anapewa saa nzima ya kicheko. Kicheko kilekile, Dada. Kile cha kuanzia tumboni.

Nifanye nini? Usimwambie mama.

Mdogo wako

22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Chai niliiweka mezani kama ulivyosema, nikacheka mpaka shemeji yako akaja kuimalizia.

Nisamehe. Lakini mapazia ya hoteli! Mimi hilo nitalikumbuka hata siku ya mazishi yangu.

Sasa tuongee kama watu wazima. Mwambie mumeo. Leo, siyo kesho. Mficha uchi hazai. Yeye hajakukosea, anamcheka mtu asiyemjua. Siku akijua kwamba ulijua ukanyamaza, hapo ndipo kosa litahamia kwako. Na huyo Wembe muache. Mwanamke aliye kwenye simu hafui shati la mtu.

Tena uchambuzi wako, mama yangu, kwa kweli si mzuri. Nilikuwa nangoja unisikilize siku moja.

Dada yako

23 Machi

Mume wangu,

Barua yako nimeipata. Nafurahi kwamba una furaha huko.

Hapa wote wazima. Mvua imenyesha siku mbili. Pazia linapendeza. Mama Pindo amepata kazi ya sare za shule, kwa hiyo narudi nimechoka.

Huyo Wembe ni mtu wa wapi? Nauliza tu. Ameolewa? Nauliza tu. Huyo Sikio Pevu naye ni binadamu, labda ana watu wanaompenda, labda anaandika akiwa amechoka, mnajuaje? Lakini mimi mambo ya muziki siyajui sana. Endelea kufurahi.

Jihadhari na nguzo zenye maji.

Mkeo

2 Aprili

Kipenzi,

Barua yako imekuwa fupi mpaka nimegeuza karatasi nikitafuta iliyobaki. Unaumwa? Sare za shule ndizo zinazokumaliza?

Sijui Wembe ni wa wapi wala kama ameolewa, humo kundini hatuulizani. Nimekutafutia vingine ili vikuchangamshe. Sikio Pevu wiki hii kaandika kwamba sauti ya mwimbaji ni "ndefu kama reli na tamu kama mwisho wa safari." Wembe kajibu, "Basi tushuke kituo kinachofuata." Nimefurahi na hiyo siku tatu! Nikiikumbuka juu ya nguzo nashika mkanda kwa mikono miwili.

Umesema naye ni binadamu. Ni kweli, una moyo mzuri kuliko mimi. Lakini mke wangu, mtu akiandika vibaya hadharani kila Ijumaa, anachekwa hadharani kila Jumapili. Hayo ndiyo mashindano yenyewe.

Mbona hukuniambia kama vile vichekesho vya mwanzo vilikuchekesha? Kile cha polisi je?

Niandikie ndefu. Hata ukinitukana, iwe ndefu.

Mumeo

9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sikumwambia. Usinune kwanza, nisikilize.

Nimenunua laini ya pili nikaingia kundini. Mlango uko wazi, anaingia yeyote. Nimejiita Sindano. Nilitaka kumwona Wembe tu. Picha yake ni mkono unaoshika kikombe: kucha tano nyekundu, hakuna pete. Nimeivuta picha ile mpaka ikawa mawingu. Pete hakuna, Dada.

Halafu nikaona Wembe anarusha neno, mume wangu anajibu kwa vicheko saba. Nilivihesabu. Vicheko saba! Damu ikanipanda. Nikasema, kama kumcheka Sikio Pevu ndiko kunakomfurahisha, ni nani duniani anamjua Sikio Pevu kuliko mimi? Wembe anakata nje. Mimi niko ndani ya nyumba na najua kila kilichovunjika.

Nikaandika: "Jamani msimwonee. Huyu husikiliza nyimbo kwa sikio moja, la pili amemwazima bosi wake." Kundi likalipuka. Nikaongeza: "Akisema wimbo umemliza, muulizeni alikuwa anakata vitunguu vingapi." Wakalipuka tena. Jumapili mume wangu akapanda kilimani. Vicheko kumi na vinne, Dada! Wembe alipata vinne.

Nimelala kama mtoto aliyeshiba. Vitunguu, kwa taarifa yako, vilikuwa vitatu.

Mdogo wako

20 Aprili

Kipenzi,

Leo nina habari. Wembe amepata mwenzake! Kaingia dada mpya kundini, Sindano, na sisi hapa kambini tumeshika vichwa. Wembe anachekesha, lakini Sindano anachekesha kama mtu aliyekaa na Sikio Pevu chumba kimoja. Jana kasema Sikio Pevu akisikia kimya katikati ya wimbo anasifu mpangilio, kumbe simu imezima. Mpishi ndiye aliyeanguka safari hii. Wenzangu wanasema Bwana Harusi ungemwona Sindano kabla ya harusi ungepata shida ya kuchagua. Nimewarushia kiatu.

Na wewe hali yako? Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari tisa. Nimekwambia mistari tisa ili ujue kwamba nahesabu.

Mumeo

27 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nimejiroga mwenyewe.

Alipomsifu Sindano nilicheza peke yangu kati ya kitanda na kabati. Baadaye nikaisoma barua mara ya pili. "Ungepata shida ya kuchagua." Amewarushia kiatu, sawa, lakini kwa nini alinakili maneno hayo? Mtu akikataa jambo analiandika kwa furaha vile? Nikaanza kumchukia Sindano. Kweli kabisa. Huyu mwanamke ni nani anayemchekesha mume wa mtu mara kumi na nne? Halafu nakumbuka kwamba ni mimi, napumua, dakika mbili tu, wivu unarudi. Mtu mmoja naweza kumwonea wivu na kumshonea nguo kwa wakati mmoja? Naweza.

Basi nikafanya kitu ambacho utanipiga. Nilimwandikia pembeni, yeye peke yake, kwa jina la Sindano: "Fundi, una mke? Anajua unavyochekesha?" Nikakaa nikingoja Jumapili kama mtu anayengoja majibu ya daktari. Nikasema akiandika hana mke, nafunga sanduku.

Jibu lake nakunakilia neno kwa neno:

"Dada Sindano, ninaye mke, tumeoana Februari. Namwandikia vichekesho vyenu vyote, hajibu hata kimoja. Wakati wa uchumba nilikuwa nikifungua mdomo anacheka. Sasa barua zake zinazidi kuwa fupi. Naogopa ameshaona kwamba alikosea, na anaona haya kuniambia. Wewe ni mwanamke. Mwanamke akinyamaza hivi ana maana gani? Wembe nilimuuliza, kanijibu nimuulize mke wangu mwenyewe."

Dada, sijawahi kuona wivu wa namna hii. Hilo swali lilikuwa langu! Amempelekea mwanamke asiyemjua woga wake wote, mimi mkewe kaniletea mpishi na kiatu. Kwangu anacheka, kwa Sindano analia. Nampenda mpaka meno yananiuma, na siwezi hata kumgombeza, maana nitamgombezaje bila kusema nimejuaje?

Na Wembe kamjibu vizuri. Hilo ndilo limenimaliza. Nilimchukia akiwa mbaya. Sasa ana busara, namchukia zaidi.

Mdogo wako

3 Mei

Mdogo wangu,

Umemtoa mumeo kwa mwanamke mmoja ukampa mwanamke mwingine, na wote wawili hawajakufanyia kosa. Mtu mzima anakaa kilimani anafikiri mkewe amejuta. Hilo si la kuchekesha tena, na mimi ndiye niliyecheka wa kwanza.

Chukua karatasi.

Dada yako

5 Mei

Mume wangu,

Sikukosea kuolewa na wewe. Nianze na hilo, kisha ukitaka kuichana barua, utakuwa umeshasoma lililo muhimu.

Najua unaogopa hivyo kwa sababu Sindano ni mimi. Laini ni yangu, maneno ni yangu, na swali lile la una mke nililiandika mimi, nimekaa kwenye kitanda chetu, nikikutega. Uliponijibu kwamba unaye mke nilifurahi. Uliposoma barua zangu fupi ukadhani nimejuta, nikaona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Sasa lile kubwa. Sikio Pevu naye ni mimi.

Sikujibu vichekesho vyako kwa sababu kila kimoja kilikuwa kinanihusu. Uliandika kwamba mtu huyu hajawahi kusikiliza kitu chochote kwa makini maishani mwake. Nilikisoma nikiwa nimelivaa koti lako. Nilitaka kukuambia, halafu nikawaza: mwanamume huyu alinioa akidhani nina walau akili kidogo. Akijua kwamba yule mjinga wa kila Ijumaa ndiye mkewe, atacheka, au hatacheka. Sikujua lipi baya zaidi.

Na nilikuwa na wivu, mume wangu. Nauandika wazi. Wivu wa Wembe, wa kucha zake nyekundu na kikombe chake. Nilitaka nikuchekeshe kuliko yeye. Nikakuchekesha, nikamwonea wivu aliyekuchekesha. Nilitaka vicheko vyako vyote virudi nyumbani, hata kama njia ya kuvirudisha ni kujivua nguo mbele ya watu mia mbili.

Ngoma zile zilikuwa cherehani ya Mama Pindo. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujauliza.

Sina mzaha mwishoni. Nangoja lori.

Mkeo, kama bado unalitaka neno hilo

26 Mei

Mke wangu,

Nalitaka.

Lori la kwanza nililiacha likaenda bila barua yangu, nisamehe. Sikuwa na hasira peke yake. Nilikuwa na hasira, na aibu, na nilitaka kwanza nipande kilimani peke yangu. Nilimwomba msimamizi ruhusa siku ya kazi. Akauliza kuna nini. Nikasema nataka kusoma. Akaniangalia kama mtu aliyepigwa na umeme.

Nimesoma kila ulichoandika tangu mwaka jana. Chote, arobaini na tatu, nimekaa kwenye jiwe. Kwanza nilisoma nikiogopa kucheka. Halafu nikacheka, samahani, lile la tarumbeta. Halafu nikafika kwenye tarehe mbili Februari, siku tano kabla ya harusi yetu. Umeandika juu ya yule mwimbaji wa koti jeupe: "Mwanamume huyu akiimba nasahau jina langu, nasahau nilikuwa naenda wapi."

Ulikuwa unakuja kwangu! Siku tano! Ndiko ulikosahau?

Kicheko kiliishia hapo. Nimerudi nyuma nikatafuta. Umemwandikia yule bwana mara nne. "Sauti inayovua mtu viatu." "Sauti ambayo mtu angeifulia mashati." Mimi kwenye barua zako zote nimepata mguu wa kitanda na koti. Nimesikiliza nyimbo zake mchana kutwa nikitafuta kasoro, na kasoro sijaipata, na hilo limeniudhi zaidi. Kwa hiyo usidhani uko peke yako kwenye ugonjwa huu.

Uliponitega uliniumiza. Nilimfungulia moyo mtu nisiyemjua, nikakukuta ni wewe. Sijui kama nifurahi kwamba siri ilibaki nyumbani au nione haya kwamba niliitoa nje. Usinitege tena. Niulize, hata ukiuliza kwa ukali. Na mimi nilipaswa kukuuliza wewe. Wembe alisema kweli.

Kuhusu akili: mtu aliyejicheka kama Sindano alivyojicheka ana akili kutushinda sote kundini. Lakini sitakudanganya, kwa sababu nimekuoa. Uchambuzi wako ni mbaya, mke wangu. Nakupenda, na ni mbaya, na hayo mawili yanakaa hema moja bila kugombana.

Wembe anauliza mbona niko kimya na Sindano kaenda wapi. Nimwambie nini?

Tumepewa likizo ya siku nne. Nitafika tarehe kumi na tatu Juni, mchana.

Mumeo

31 Mei

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Barua yako nimeisoma mara tano, na mara nne kati ya hizo nilikuwa natafuta mistari ya wivu tu. "Ndiko ulikosahau?" Nimeisoma kwa sauti yako. Mama Pindo akaniuliza nacheka nini na pindo limepinda, nikamwambia mume wangu ana wivu. Akasema, "Hongera, sasa mmeoana."

Usidhani nitakana. Sauti ya yule bwana ni nzuri. Kaa nayo hiyo kidogo, kama mimi nilivyokaa na kucha nyekundu. Ukifika nitakutibu. Na nimekubali kwamba sikukuandikia maneno kama yale. Nilikuwa nayamalizia Ijumaa kwa watu wasiojali, nikikuletea wewe mabaki. Nimeona haya kwa hilo kuliko kwa ngoma.

Sindano nimemtoa kundini, hatarudi. Sikio Pevu sitamwacha, ila nimemwambia mhariri sitaandika tena kitu nilichokisikia kazini. Kanuna. Atazoea.

Wembe usimwambie chochote. Muache anikate. Anafanya kazi yake vizuri kuliko mimi ninavyofanya yangu, na nikipona wivu huenda nikajifunza kitu kwake. Sijapona. Kwa hiyo wewe pumzika kundini mpaka uje.

Kuna wimbo mpya ambao nimeushika. Nimeusikiliza nimekaa kitandani, mlango umefungwa, masikio yote mawili, mara nane. Nimeandika kurasa mbili na nusu. Najua mle ndani kuna ujinga, nauona hata mimi, lakini sijui uko wapi hasa. Sitautuma kwa mhariri. Tarehe kumi na tatu ukishanawa uso, utakaa kwenye kiti kimoja na mimi nitasimama mbele yako nikusomee mwenyewe, kwa sauti, kuanzia mstari wa kwanza.

Ukitaka kucheka, cheka. Usijizuie kwa huruma, nitakujua. Cheka mpaka ushike ukuta. Nataka nione kicheko chako kinavyoanzia tumboni, kinavyopanda, kinavyokufunga macho. Nikilia kidogo, wewe endelea. Ila hicho ni changu, umesikia? Chote. Usimbakizie mtu.

Mkeo